Picha za Zamani za Mitaa ya Mashariki ya Nairobi

Mtu atokaye katikati ya mji wa Nairobi kwenda upande wa mashariki hupita Muthurwa kwa barabara ya Landhies, kisha huingia katika barabara ya Jogoo. Barabara hiyo ndiyo mlango wa mitaa ijulikanayo kwa jina la Eastlands: Shauri Moyo, Kaloleni, Makongeni, Mbotela, Bahati, Maringo, Jericho, Jerusalem na mingine mingi. Lakini haikuitwa Jogoo tangu mwanzo. Kabla ya Uhuru wa mwaka 1963 jina lake lilikuwa Doonholm, kwa sababu ilielekea shamba la ng'ombe wa maziwa la Mskoti mmoja, James Kerr Watson. Bwana huyo alilipa shamba lake jina la pahali palipo karibu na mji wa Ayr, kando ya mto Doon, huko Uskoti. Uhuru ulipokuja, barabara ilipewa jina la jogoo, alama ya chama cha KANU. Na jina la shamba likabaki katika mtaa wa Donholm, likiwa limepungukiwa na herufi moja.

Hiyo Uskoti ni nchi ndogo, lakini watu wake walitangulia katika kazi ya kupiga picha. Tangu mwaka 1843 David Octavius Hill na Robert Adamson walipiga picha za wavuvi na wauza samaki wa kijiji cha Newhaven, karibu na Edinburgh. Baadaye George Washington Wilson wa Aberdeen, na James Valentine na wanawe wa Dundee, walizunguka miji na vijiji vya nchi hiyo, wakapiga picha za makanisa, madaraja, masoko na njia kuu, wakaziuza kwa wasafiri. Picha za Wilson zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Aberdeen, na za Valentine katika Chuo Kikuu cha St Andrews. Kwa hiyo mwanakijiji wa Uskoti akitaka kujua njia ya kwao ilivyokuwa siku za babu wa babu yake, mara nyingi aweza kuipata picha yake.

Katika picha za Newhaven kuna jambo moja la kuangaliwa. Wauza samaki wengine hujulikana kwa majina yao, kama vile Bibi Elizabeth Johnstone Hall, ambaye picha yake na kapu lake imeonyeshwa katika nchi nyingi. Wengine waliosimama siku hizo hizo, mbele ya kamera hiyo hiyo, hawana majina. Yule wa kwanza amebaki kuwa mtu, mama wa watu, mwenye kabila na ukoo. Hawa wengine wamebaki kuwa mavazi na makapu tu. Tofauti kati yao si uzuri wa picha, bali ni neno moja au mawili yaliyoandikwa na mtu aliyejali. Jambo hilo lahusu mitaa ya mashariki ya Nairobi kuliko wengi wanavyodhani.

VIJIJI VILIVYOTOWEKA

Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na mara watu wa makabila mengi wakaanza kujijengea vijiji kando ya mji mpya. Palikuwa na kijiji kilichoitwa Mombasa, kingine Maskini, kingine Kaburini, na Pangani, kilichodumu kuliko vyote. Nyumba zilikuwa za miti na udongo, na nyingi ziliezekwa kwa madebe ya mafuta ya taa yaliyokatwa na kunyooshwa. Mpango wake ulikuwa ule wa nyumba za Waswahili wa pwani: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na ua nyuma. Wenye nyumba wengi walikuwa wanawake, waliojenga kwa fedha zao wenyewe na kupangisha vyumba kwa wafanya kazi wa mjini.

Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Manispaa ilitenga Pumwani iwe makao ya Waafrika, na vile vijiji vingine vikavunjwa. Pangani kilisalia hadi mwaka 1938 na 1939, nacho kikabomolewa, na watu wake wengi wakahamishiwa Shauri Moyo, mtaa wa nyumba za Manispaa. Waliokuwa na nyumba zao wakawa wapangaji. Jina la mtaa huo mpya lina uzito wake, kwa maana shauri la moyo ni lile ambalo mtu huachiwa aliamue peke yake, apende asipende.

Picha za vijiji hivyo zilipigwa zaidi na watu wa serikali na wa afya. Mpiga picha alitumwa aonyeshe mapaa yenye kutu, maji yaliyosimama na vichochoro vyembamba, ili ipatikane sababu ya kubomoa. Picha hizo si za uongo, maana kutu na maji yalikuwapo. Lakini mwenye kuangalia kwa utulivu huona na mengine ambayo mpiga picha hakutumwa kuyatafuta: mlango wa mbao uliochongwa vizuri, kibaraza kilichofagiliwa, wazee waliovaa kanzu safi na kofia zilizoshonwa kwa mkono, mama aliyesimama mlangoni mwa nyumba yake kama mwenye mali asimamavyo. Picha iliyokusudiwa kuwa shtaka imekuwa shahidi wa upande wa pili.

KARIAKOR NA BURMA

Si mbali na Pumwani pana Kariakor, jina lililotokana na Carrier Corps, jeshi la wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, 1914 hadi 1918. Dar es Salaam nako kuna Kariakoo, kwa asili iyo hiyo. Makumi ya maelfu ya wapagazi hao walikufa, wengi wao kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Pale palipokuwa kambi yao Nairobi, Manispaa ilijenga mabweni mwishoni mwa miaka ya 1920. Katika picha za zamani mabweni hayo huonekana kama mabehewa ya gari la moshi yaliyopangwa mstari baada ya mstari. Picha hizo zaeleza vizuri kuliko maneno mengi jinsi mfanya kazi wa Kiafrika alivyofikiriwa siku zile. Alihesabiwa kuwa mtu mmoja asiye na mke wala mtoto, aliyehitaji nafasi ya kitanda tu, na ambaye kazi ikiisha angerudi kwao.

Vita ya pili nayo iliacha jina lake. Askari wa King's African Rifles walipelekwa Burma kupigana na Wajapani mwaka 1944 na 1945, na soko la Burma lililoko karibu na Shauri Moyo lakumbusha safari yao. Hivyo mtu aendaye kwa miguu kutoka Kariakor mpaka Burma hupita vita kuu mbili za dunia asubuhi moja, na pengine haoni ila nyama, viatu na vyondo. Lakini katika nyumba za mitaa hiyo, na katika nyumba za mashambani, zimo picha za vijana waliovaa sare na kofia pana. Nyingine zilipigwa mjini kabla ya kuondoka, nyingine mbali sana, ng'ambo ya bahari. Nyuma ya picha huwa pana namba ya jeshi. Jina la kijana mara nyingi halipo, maana mama yake hakuhitaji kuandikiwa.

KALOLENI

Katika miaka ya 1940 mawazo ya wakubwa wa mji yalianza kubadilika. Walitambua kwamba mji hauwezi kutulia ikiwa wafanya kazi wake hawana jamaa zao. Ndipo ikajengwa Kaloleni: nyumba za mawe zilizopangwa kuzunguka viwanja vya majani, pamoja na shule, zahanati na ukumbi katikati. Wafungwa wa vita wa Kiitaliano walitiwa katika kazi ya ujenzi. Mwaka 1948 ulitolewa mpango mkuu wa mji, ulioandikwa na Thornton White, Silberman na Anderson, nao ulieleza habari za mitaa ya namna hiyo, kila mmoja ukiwa na mahitaji yake. Mwaka 1950 Nairobi ikapewa hati ya kuwa jiji. Hata hivyo mishahara ilibaki midogo, na mwaka 1954 Kamati ya Carpenter ikashauri kwamba malipo ya mfanya kazi yamtoshe yeye na jamaa yake.

Picha za Kaloleni za miaka ile zilipigwa kwa fahari. Zilikusudiwa kuonyesha wageni na wakubwa wa London kazi iliyofanyika: njia zilizonyooka, miti michanga iliyopandwa juzi, watoto wenye kaptula safi mbele ya shule. Miti hiyo sasa ni mikubwa, na ni saa nzuri ya kupimia miaka. Akiona picha ambayo mti wake haujafika dirishani, mtu ajue kwamba imepigwa mtaa ukiwa mpya; na kama tawi limefunika paa, miaka mingi imepita.

Lakini jambo kubwa la Kaloleni halikuwa katika mawe wala miti, bali ndani ya ukumbi. Humo watu walicheza dansi, wakafanya arusi na matanga, na vyama vya watu wa nyumbani vikakutana. Humo pia, tarehe 23 Aprili 1950, katika mkutano wa pamoja wa Waafrika na Wahindi, Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanya kazi, alisimama akadai Uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Haukupita muda akakamatwa, akakaa kizuizini miaka kumi na moja, hadi mwaka 1961. Nyumba iliyojengwa ili watu wapate burudani baada ya kazi ilitumika kwa jambo ambalo waliochora ramani yake hawakulitazamia. Kwa hiyo mwenye picha ya dansi ya ukumbi wa Kaloleni asiidharau. Ukuta ulio nyuma ya wachezaji ni ukuta uliosikia neno hilo.

MIAKA YA HALI YA HATARI

Hali ya Hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Mwezi wa Novemba mwaka huo Tom Mbotela, aliyekuwa mmoja wa viongozi wa chama cha KAU, aliuawa Nairobi. Mwaka uliofuata akauawa Ambrose Ofafa, diwani wa jiji na mtu mashuhuri katika chama cha Luo Union. Majina yao yakapewa mitaa, Mbotela na Ofafa, na watu wa Kisumu nao wakapata ukumbi wa kumbukumbu wa Ofafa. Watoto wengi wamezaliwa na kukua katika mitaa hiyo wakitaja majina hayo kila siku, katika barua, katika basi na katika uwanja wa mpira, bila kuona hata mara moja sura za wenye majina.

Alfajiri ya tarehe 24 Aprili 1954 askari waliuzingira mji, wakaanza msako ulioitwa Operesheni Anvil. Mitaa ya mashariki ilipekuliwa mmoja baada ya mwingine. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitengwa na wenzao, na maelfu yao wakapelekwa Langata, Mackinnon Road na Manyani. Baadhi ya mitaa, kama Bahati, ilizungushiwa seng'enge.

Picha za siku hizo zimeenea ulimwenguni. Huonekana wanaume waliokaa chini kwa safu ndefu, wamechuchumaa, na juu yao askari wenye bunduki. Maneno yaliyochapwa chini ya picha kwa kawaida hutaja askari, tarehe na jina la operesheni. Waliokaa chini hawatajwi. Kila mmoja wao alikuwa na chumba alichokiacha wazi, na kitanda, na sufuria jikoni, na mtu wa kumngojea. Nyuso zao ni wazi kabisa. Mjukuu angeweza kumtambua babu yake kwa kutazama mara moja. Kinachokosekana ni mjukuu na picha kukutana.

Si picha zote za miaka hiyo zilizopigwa na wageni. Priya Ramrakha, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1935 katika jamaa ya wachapaji wa magazeti, alizunguka na kamera yake akiwa kijana, akaandama mikutano na misako. Baadaye alifanya kazi kwa magazeti makubwa ya ng'ambo, akauawa katika vita vya Biafra mwaka 1968. Picha zake nyingi zilikaa zimefungwa katika masanduku mjini Nairobi kwa miaka mingi, hata mtu wa jamaa yake mwenyewe akazifungua. Maboksi kama hayo ni rahisi kutupwa siku ya kuhama nyumba.

PICHA WALIZOJIPIGISHA WENYEWE

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza kila mwanamume Mwafrika aliyetoka kutafuta kazi alilazimishwa kuchukua kipande, nacho kilitiwa katika kikopo cha bati kilichoning'inizwa shingoni. Ndani ya kipande palikuwa na alama za vidole, jina la mwajiri na mshahara. Sura ya mtu haikuwamo. Serikali ilimjua kwa vidole vyake.

Basi si ajabu kwamba mtu yule yule, alipopata mshahara, alikwenda kwa mpiga picha kwa hiari yake. Huko alisimama kama alivyotaka kuonekana. Alivaa koti, pengine la kuazima. Aliweka mkono juu ya meza ndogo yenye maua, au aliinua kidogo mkono wa shati ili saa ionekane. Wengine walishika kalamu, wengine redio, wengine walisimama kando ya baiskeli iliyong'arishwa, ile ile iliyowapeleka kazini kila asubuhi kwa barabara ya Doonholm. Nyuma yao palitundikwa nguo iliyochorwa bustani au milima. Wanawake walikuja na watoto wao, wamevaa leso mpya au gauni la arusi.

Wako wanaocheka picha hizo kwa sababu ya koti la kuazima. Hawana haki ya kucheka. Picha ya serikali yaonyesha nyumba aliyopewa mtu. Picha ya studio yaonyesha mtu mwenyewe alivyojihesabu. Mwenye kutaka kuijua historia ya mitaa ya mashariki hana budi kuzitazama zote mbili pamoja, kwa kuwa moja bila nyingine ni nusu ya habari.

Na hizo za studio hazimo katika makabati ya serikali. Idara ya Habari na Nyaraka za Taifa za Kenya zina picha nyingi, na mwaka 2011 Nyaraka za Taifa za Uingereza zilianza kuonyesha hadharani kwa mtandao maelfu ya picha za Afrika zilizokuwa za Wizara ya Makoloni. Lakini picha aliyojipigisha karani wa Makongeni mwaka 1956 ilitiwa katika bahasha pamoja na barua, ikapelekwa kwa wazazi Nyeri, au Machakos, au Siaya, au Maragoli. Kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya historia ya Eastlands haiko Eastlands. Iko mashambani, ukutani pa sebule, katika fremu ambayo kioo chake kimepasuka, au chini ya godoro pamoja na hati ya shamba.

MALI BILA DAFTARI

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Picha ni mali ya namna hiyo. Mzee anayejua majina ya wote walio pichani akifariki, picha haipotei siku ile, bali huanza kunyamaza. Wajukuu husema, "Huyu ni babu," na wale wanne waliosimama naye huwa si watu tena.

Jambo hilo lina haraka. Nyumba za zamani za mashariki ya mji zimezeeka, na mpango wa kuweka magorofa mahali pake umeanza. Mtaa wa halmashauri uliobeba jina la Pangani ulibomolewa kufikia mwaka 2020, nao ni mara ya pili jina hilo kuona kubomolewa. Mitaa mingine imetajwa katika mipango ya namna hiyo. Wengi wa wakaao humo watafurahi kupata maji ya uhakika na vyumba vya kutosha, na hakuna awezaye kuwalaumu. Lakini siku ya kuhama vitu hupunguzwa, na cha kwanza kutupwa ni karatasi kuukuu.

Kazi ya kuziokoa picha ni nyepesi, wala haihitaji fedha. Picha igeuzwe, na nyuma yake yaandikwe kwa penseli laini majina ya watu kutoka kushoto kwenda kulia, pahali, mwaka, na sababu ya kupiga picha. Kalamu ya wino haifai, maana wino hupenya na ncha yake huacha alama upande wa mbele. Kama mwaka haujulikani kwa hakika, mzee aulizwe mambo yaliyokuwa karibu: je, ilikuwa kabla ya seng'enge au baada yake? Mtoto huyu alizaliwa kabla ya Uhuru au baadaye? Picha zisibandikwe kwa gundi, zisitundikwe penye jua wala penye moshi, na zitiwe katika bahasha ya karatasi mbali na unyevu, mende na mchwa. Mwenye simu yenye kamera apige nakala ya pande zote mbili, ule wa sura na ule wa maandishi, awapelekee jamaa walio mbali.

Mtu akienda nyumbani likizo, na akamkuta mzee ana nguvu na akili yake ni timamu, achukue penseli na zile picha za ukutani, akae naye kibarazani. Aanze na yule ambaye hakuna tena amjuaye ila mzee peke yake.